Simama Hapo Kidogo, Mzee

Binti yangu wa mwisho anatafuta mhadhiri wa kumsimamia shahada ya uzamili. Wiki iliyopita alikaa kochini na simu yake akinisomea majina ya wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila jina na mstari wake wa "maeneo ya utafiti". Baba, huyu wa petrolojia ya miamba ya kale unamjua? Namjua. Na huyu wa fonolojia ya lugha za Kibantu? Namjua, hali vitunguu. Huyu je, ikolojia ya amfibia? Huyo namjua hata kwa harufu ya viatu vyake.

Niliajiriwa pale Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1980 nikiwa dereva, na nikastaafu nikiwa dereva. Elimu yangu ni kidato cha nne na leseni. Lakini nimekaa na maprofesa saa nyingi kuliko wanafunzi wao wa udaktari, maana mwanafunzi huonana na profesa wake kwa miadi, mimi nilikuwa naye kutoka Ubungo hadi Songea, pancha, matope na vumbi juu. Mwanzoni waliniita kaka, baadaye wakaniita Mzee, na hapo katikati sikuona siku ilipobadilika. Ninachotaka kumwambia binti yangu, na yeyote anayetafuta msimamizi, ni kwamba ule mstari wa maeneo ya utafiti haumwonyeshi mtu. Utaalamu wa mtu utaujua kwa mahali anapokuambia usimamishe gari.

Chukua barabara ya Iringa. Lami ni ile ile, kona ni zile zile, lakini sikuwahi kuisafiri mara mbili kwa namna moja, kwa sababu ilitegemea nani amekaa kushoto kwangu.

Akikaa mtu wa jiolojia, ujue mtasimama kila mlima uliochongwa. Pale ambapo sisi tunaona barabara imepasuliwa, wao wanaona mwamba umevuliwa nguo. Kutoka Mikumi kupita Ruaha Mbuyuni na kupanda Kitonga, hizo ni sehemu mbaya kabisa za kuegesha gari, malori ya Zambia yanakushukia mgongoni, breki zinanuka, na mtu wako amekwisha shuka na nyundo yake anagonga. Mama mmoja wa jiolojia aliwahi kunionyesha kipande cheusi chenye chembe nyekundu akaniambia miamba ya ukanda ule wa Usagara ina umri wa miaka bilioni 2 hivi, na kwamba mingine ilizamishwa chini sana ardhini ikapikwa kwa joto na mgandamizo, ndipo ikapandishwa tena juu. Nikamuuliza nani alikuwepo kuhesabu. Akacheka, akanieleza kwamba ndani ya jiwe kuna madini ya urani yanayogeuka kuwa risasi, ile metali nzito, kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo ukipima kiasi cha urani iliyobaki na risasi iliyopatikana unapata umri. Nilielewa. Alieleza vizuri, na alieleza huku akitafuna udongo. Ndiyo, kutafuna. Alichukua udongo kidogo wa ukingo wa korongo akautia kati ya meno ya mbele: ukikwaruza, ni silti, ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi. Mimi nikageuza uso, kwa sababu korongo lile ndilo abiria wa mabasi hushukia kujisaidia.

Akikaa mtu wa botania, mwendo ni kilomita 40 kwa saa na dirisha wazi. Wa botania wenyewe wamegawanyika. Kuna wa miti, anayetazama juu. Kuna wa nyasi, anayetazama chini, na huyu ana subira kuliko wote. Na kuna wa uyoga. Kina mama wanaouza uyoga pembeni mwa barabara msimu wa mvua, ndoo na mabeseni yamepangwa, unawajua? Abiria wa kawaida hununua mafungu mawili akaondoka. Mtaalamu wa uyoga hununua beseni zima, halafu anamkalisha mama chini: huu ulikuwa chini ya mti gani? Ulitokea baada ya mvua ya ngapi? Huu mwekundu mnaula, na huu unaofanana nao mbona mmeuacha? Nilijifunza hapo kwamba uyoga mwingi wa miombo huishi kwa ushirika na mizizi ya miti, mti unaupa sukari na wenyewe unauchotea mti maji na madini, ndiyo maana huwezi kuupanda nyumbani kama uyoga wa kwenye mifuko ya pumba, na ndiyo maana ukikata miti kwa mkaa huo uyoga nao unakwisha. Sampuli zilikaushwa juu ya jiko la mkaa usiku kucha. Zilizobaki zilitiwa kwenye nazi. Nimekula utafiti mwingi sana kwa namna hiyo.

Yule wa amfibia sasa. Wengine wote wanataka kusafiri mchana na kiangazi. Yeye anataka usiku na masika. Tunakwenda kwenye barabara ambayo hata baiskeli inateleza, halafu anasema, "Zima injini." Gari la zamani, betri imechoka, mvua inanyesha, nizime injini porini? Nazima. Taa nazo nazima. Anakaa dakika kumi kimya, kisha ananiambia kuna aina nne za vyura hapa, moja iko mbali kidogo kwenye matete. Anazitambua kwa sauti, kila aina ina mlio wake, na dume ndiye anayelia. Akishuka anashuka na tochi ya kichwani na viatu vya mpira, na akirudi mfukoni mwake kuna kitu kinachezacheza.

Watu walimcheka. Karakana nzima ilimcheka, mimi nikiwemo. Halafu likaja suala la chura wa Kihansi, na nchi nzima ikawa inazungumzia vyura kwenye daladala na bungeni. Wengi wanalikumbuka kama mzaha tu, na halikuwa mzaha.

Kihansi ni mto unaoporomoka kutoka milima ya Udzungwa. Serikali ilijenga pale bwawa na mtambo wa umeme wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, wanasayansi waliokuwa wakikagua mazingira ya bonde lile wakakuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, urefu wake sentimita 2 hivi, hatagi mayai ila huzaa watoto kamili, na haishi popote pengine duniani isipokuwa kwenye hekta chache zilizokuwa zikirushiwa manyunyu ya maporomoko yale. Mmoja wa waliompa jina la kisayansi ni Kim Howell, profesa wa zuolojia aliyefundisha Mlimani kwa miongo mingi. Mtambo ulipowashwa, asilimia 90 hivi ya maji ilielekezwa kwenye mashine, manyunyu yakakatika, na bonde likaanza kukauka. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda Marekani, Bronx Zoo, kutunzwa huko. Bondeni zikafungwa bomba za kurusha maji ya kuigiza manyunyu. Zikasaidia kwa muda, lakini mwaka 2003 vyura walikwisha ghafla, na kuvu inayoua vyura duniani kote ilikutwa pale. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka kabisa porini. Lakini wale wa Marekani walikuwa wamezaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, kwenye nyumba maalumu ya kuwatunza pale chuoni, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe.

Ile nyumba ya vyura watu walikuwa wakiisema sana. Maji ya chuo yanakatika, mabweni hayana maji, vyura wana maji yaliyochujwa na hewa iliyopozwa! Nilisikia hilo kwenye foleni ya kantini mara nyingi. Sina jibu la kumfurahisha mwanafunzi aliyekosa maji ya kuoga. Ninachojua ni kwamba bila watu wa kuzima injini na kusikiliza, bonde lingekauka na asingejua mtu yeyote kilichokufa, na mtu mmoja kati ya hao alikuwa akicheka na sisi karakana tulipomwita Bwana Vyura.

Barabara ya Kilwa ni ya akiolojia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na kivuko kilikuwa na ratiba yake yenyewe isiyoandikwa popote. Unaweza kusubiri nusu siku. Abiria wengine hulalamika, hununua samaki, husinzia. Mwanaakiolojia hushuka akaanza kutembea akitazama ardhi, mikono nyuma, kama mtu aliyeangusha hela. Akirudi ana vigae vitatu vya chungu na furaha kubwa. Wanaakiolojia, nikuambie, hawapendi dhahabu kama sinema zinavyosema. Wanapenda jalala. Mahali watu walipotupa mifupa ya samaki, vyungu vilivyovunjika na majivu, hapo ndipo wanapochimba kwa brashi na kijiko cha mwashi, sentimita kwa sentimita, na ole wako ukipita na viatu juu ya kamba.

Kutokana na majalala hayo, Profesa Felix Chami na wenzake wamejenga hoja kwamba pwani hii ilikuwa na watu wake wakulima, wavuvi na wafua chuma, waliokuwa wakifanya biashara na bahari karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza yanataja soko la mwisho kusini liitwalo Rhapta, na yeye analitafuta maeneo ya Rufiji na Mafia. Wapo wasomi wasiokubaliana naye. Nimewasikia wakibishana kiti cha nyuma kutoka Somanga hadi Nangurukuru, kwa heshima zote, "lakini Profesa", "hapana Dokta", mpaka nikaongeza sauti ya redio.

Kilwa Kisiwani yenyewe kila Mtanzania anaijua kwa jina. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji ule. Husuni Kubwa, lile jumba lililo juu ya mwamba kando ya bahari, bado unaweza kuona birika lake la kuogea lenye umbo la pembe nane. Lakini kilichonishika mimi ni sarafu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba, ndogo kuliko shilingi hamsini yetu, na moja imepatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, kulikokuwa kukitoka dhahabu. Niliona moja ikiwa kiganjani mwa mtafiti pale ufukweni. Alinisomea maandishi ya Kiarabu: upande mmoja jina la sultani, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu, na yakisomwa pamoja yanaleta vina. Pesa yenye ushairi! Aliifunga kwenye karatasi, akaandika namba, akaitia kwenye boksi. Mimi nikawa nafikiria posho yangu.

Tukienda na wataalamu wa lugha, gari linasimama penye watu. Kisimani, mnadani, kwenye kijiwe cha bao. Na halisimami kidogo. Hawa ndio walionifundisha kwamba kusalimiana kunaweza kuchukua saa nzima na bado ikawa kazi, kwa sababu kinasa sauti kiko mfukoni kinafanya kazi (baada ya kuomba ruhusa, wana karatasi zao za kusaini). Chuo kilikuwa na Mradi wa Lugha za Tanzania, na mwaka 2009 kikatoa atlasi ya lugha za nchi hii, takriban 150. Ukiitazama ramani ile utaona rangi tu. Mimi naona mashimo ya barabara. Nyuma ya kila kidoa kuna mwanafunzi na dereva waliolala gesti ya shilingi elfu tatu.

Safari ninayoipenda kuliko zote ilikuwa ya kubana mafuta. Fungu limepungua, gari ni moja, kwa hiyo idara mbili zikaunganishwa: mtaalamu wa lugha na mtaalamu wa mimea, wote wawili kwenda kwa Wasandawe, huko Kwa Mtoro. Hawakuwa wakijuana vizuri. Kutoka Dar hadi Dodoma kila mmoja alisoma vitabu vyake. Kufika kule, wakagundua wanamhitaji mtu yule yule, mzee mmoja wa kijiji aliyejua miti. Basi tukawa tunatembea porini, mzee mbele. Mzee anagusa mti anasema jina, na Kisandawe kina zile sauti za kidoko, ulimi unapigwa kwenye kaakaa, kwa hiyo mtu wa lugha anamwomba arudie, tena, tena, polepole, anaandika kwa alama zake. Wakati huo mtu wa mimea amekwisha kata tawi lenye maua, analilaza katikati ya magazeti ya zamani, anabana na mbao na mikanda. Ndivyo sampuli za hebariamu, ile hifadhi ya mimea iliyokaushwa, zinavyotengenezwa, kwa gazeti la Uhuru na mikanda ya suruali.

Kukatokea tatizo kwenye mti mmoja. Mzee aliutaja kwa jina moja, na hatua chache mbele akagusa mti mwingine akautaja kwa jina jingine. Mtu wa mimea akasema hii ni aina moja, tazameni majani, tazameni ganda. Mzee akasema hapana, huu ni dawa, ule si dawa. Mtu wa mimea akatabasamu lile tabasamu la msomi. Mtu wa lugha akamwambia, "Dokta, hebu usitabasamu kwanza." Akamwuliza mzee, kwa kupitia mkalimani, je, unautofautisha kwa nini? Mzee akavunja kijiti kila mti akampa anuse. Harufu hazikuwa sawa. Zilipishana kabisa, hata mimi dereva nilinusa nikaona. Sasa, kwamba ni aina mbili au ni aina moja yenye kemikali tofauti kulingana na udongo, hilo walibishana kwenye chakula cha jioni, wakabishana asubuhi, wakabishana hadi Chalinze. Lakini kuanzia siku ile yule wa mimea alianza kunusa kila kitu, na yule wa lugha akaanza kuweka jani kwenye kila ukurasa wa daftari lake. Kwenye orodha ya binti yangu hilo halimo. Mmoja bado ameandikiwa taksonomia, mwingine fonolojia.

Wa sanaa za maonyesho walipanda Koasta, si Landkruza, kwa sababu ya ngoma na watu wengi. Hao walikuwa abiria pekee walioimba. Mwaka 1996 maprofesa wa idara ile, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari. Utafiti wao ulikuwa hivi: badala ya kumpa msichana fomu ajaze kwa nini wasichana wanafeli au wanaacha shule, unampa jukwaa. Wasichana wanatunga igizo wenyewe kuhusu yanayowakwamisha, wanaigiza mbele ya walimu na wazazi, halafu mjadala unafuata papo hapo. Nilipeleka timu kwenye shule kadhaa. Nilikuwa nimezoea kukaa garini nikisubiri, redio na gazeti, lakini hapo niliingia ukumbini. Nilimwona mwalimu mwanamume akitazama viatu vyake kuanzia mwanzo wa igizo hadi mwisho. Fomu isingemfanya hivyo.

Wanasheria nilidhani hawana fildi. Wanataka kufika tu, hawaulizi huu ni mlima gani. Lakini mwaka 1991 Profesa Issa Shivji wa Kitivo cha Sheria aliteuliwa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, na tume ile ilizunguka mikoani kukusanya malalamiko ya wanavijiji kwenye mikutano ya hadhara. Ilipendekeza ardhi isiwe mikononi mwa Rais. Serikali haikulikubali hilo, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikafuata njia ya Serikali yenyewe. Kila nikipita Kilosa au Mvomero nikasikia wakulima na wafugaji wamegombana, namkumbuka mwanasheria mmoja kijana niliyempeleka huko. Alifika akiwa na sheria kichwani na akarudi amenyamaza.

Wachumi sina la kusema. Wanatazama laputopu.

Kibali cha safari kina sehemu ya madhumuni. Mimi nilikuwa navisoma, kwa sababu polisi wa barabarani huuliza. Kulikuwa na dokta mmoja, mtu wa mtama. Mtama na uwele, hapo ndipo roho yake ilipo, Dodoma na Singida. Vibali vyake vya mwanzo viliandikwa usalama wa chakula. Baadaye ukaja wakati fedha zote ziko kwenye UKIMWI, kibali kikaandikwa lishe ya kaya zilizoathirika. Ikaja MKUKUTA, tukawa tunapunguza umaskini. Kisha mabadiliko ya tabianchi. Kijiji ni kile kile, wazee ni wale wale, na mimi naegesha chini ya mbuyu ule ule. Mtama ndio uliokuwa ukibadilishiwa jina. Wengine watamwita mjanja. Mimi namwita mtu anayejua anachokipenda, tofauti na baadhi ya wenzake waliobadilika kweli, ambao leo ukiwauliza utaalamu wao ni nini wanakutajia mfadhili. Ukisoma ule mstari wa maeneo ya utafiti ukakuta mambo saba yasiyohusiana, hiyo ni historia ya vibali vya safari.

Si kwamba Mlimani wana kila kitu. Tulikuwa tukipeleka sampuli SUA Morogoro, chuo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Sokoine. Pale kuna wataalamu wa panya. Si panya wa maabara, panya wenyewe wa shambani, waliosomwa Morogoro kwa miaka mingi, wanazaana lini, mvua gani huwaongeza, wakulima wapande lini. Kutoka kwenye ujuzi huo, mwaka 2000 shirika la APOPO, wazo la Mbelgiji Bart Weetjens, likaweka kambi yake SUA kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya buku ni mwepesi, halipui bomu hata akilikanyaga. Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu 100, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Wengine wanafunzwa kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Niliwaona wakifanya kazi: kijisanduku cha kioo, mashimo yamepangwa chini, panya anapita anapita, anasimama kwenye moja anakwaruza, anapewa ndizi. Kwetu panya buku ni kitoweo. Nilimwambia mwalimu wake hivyo, hakucheka.

Na wa bahari. Hao nilikuwa nawaacha bandarini, wanavuka kwenda kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Ila mara kadhaa tulikwenda Mlingotini, Bagamoyo, kwenye mwani. Kilimo cha mwani hapa nchini kina mizizi kwa Profesa Keto Mshigeni, mtu wa milimani Upare aliyekuja kuwa mtaalamu wa mimea ya baharini, na miaka ya 1970 tayari alikuwa akisema mwani unaweza kulimwa pwani yetu. Kilimo chenyewe cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sasa kuna wakulima zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Halafu bahari ikaanza kuwa moto kwenye maji mafupi, na mwani aina ya kotonii, ule wenye bei nzuri, ukawa unaoza kwenye kamba. Dokta Flower Msuya ndiye aliyekaa na kina mama kutafuta njia: kuusogeza kwenye kina kirefu kwa kutumia nyavu za mirija, na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mzigo mkavu kwa bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba kina kirefu kinahitaji mashua na kuogelea, na wengi wa kina mama hawakufundishwa kuogelea. Mke wangu anatumia sabuni ile. Inatoa povu kidogo lakini haikaushi ngozi.

Binti yangu alinisikiliza yote haya akiendelea kuperuzi. Kisha akasema, "Baba, siku hizi hawaendi porini, wanatumia setilaiti." Anachotaka yeye ni udongo, mmomonyoko, makorongo ya Kondoa, kule ambako serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote ili ardhi ipone. Nikamwambia watu wa setilaiti nimewaendesha pia, wale wa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Hao ndio waliokuwa wakinichosha kuliko wote. Kompyuta inachagua pointi yenyewe, kwa bahati nasibu, ili mtu asipendelee mahali pazuri, halafu lazima mfike pale pale mkahakiki kama picha ya angani ilisema kweli. "Simama hapo, Mzee." Hapo wapi? Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna hata jiwe. Mtu anashuka na kifaa chake, anatembea mita thelathini ndani ya miiba, anapiga picha ya ardhi tupu, anarudi ameridhika. Pointi inayofuata iko ng'ambo ya korongo.

Amemwandikia mmoja wao. Nilimwambia asiandike kwamba anavutiwa na maeneo yake ya utafiti, kila mtu huandika hivyo. Amwulize mara ya mwisho alipokwenda Kondoa aliona nini ambacho hakukitarajia. Jibu limekuja jana, refu kuliko barua yake, lina picha tatu za udongo mwekundu na swali moja: una viatu vya kufunga?